Usibadilishe Hata Virgule

Jumatatu, 2 Juni 2025

Barua imefika! Yaani ujumbe wa simu, lakini nimeuchapisha kwenye karatasi ili uitwe barua. Umoja wa shule kumi na tano, za hapa mjini na za njia ya Kasomeno, unatafuta programu moja ya kupanga matokeo ya wanafunzi. Zimebaki mbili. Moja ni Kapita, yangu. Nyingine ni ya Gaëlle, niliyesoma naye chuo, na ambaye, niandike wazi, alijua mabano ni nini kwa sababu yangu.

Anayechagua ni katibu wa umoja, Mama Adolphine. Sijawahi kukutana naye. Anasema tarehe 13 atakaa peke yake na maelezo ya kila programu na kufuata mifano hatua kwa hatua, sisi watengenezaji tukiwa nje ya mlango. Maelezo yatakayomfikisha mwisho ndiyo yatashinda. Kisha ameongeza kwamba ya Kapita ameyapata, kurasa tisini na nne, ila mfano hata mmoja hajaupata. Ameandika hivi, akiniita papa kwa heshima: "Maneno iko mingi, papa, lakini mufano iko wapi?"

Mfano! Miezi saba nimeandika, na mtu anadai mfano. Anayeelewa hahitaji mfano. Asiyeelewa, namba yangu ya simu iko ukurasa wa kwanza.

Nimempa Papa, baba yangu, habari wakati wa kula bukari, ugali wetu. Papa Clément Kisimba, miaka thelathini na moja kwenye reli, hajawahi kuchelewesha treni kwa uzembe. Nimemweleza kwamba chini ya kila karatasi Kapita inaandika: Imetengenezwa na Symphorien Kisimba. Shule kumi na tano! Maelfu ya karatasi! Amesema ataamini siku atakapoona jina la Kisimba limechapishwa kwenye matokeo ya Bénie. Bénie ni mtoto wa kaka yangu Elisée, anakaa kwetu na anasoma darasa la sita hapa hapa mtaani kwetu, Bel-Air. Kisha Papa akautazama ukuta niliouanza kupaka rangi mwaka juzi. "Weye unaanzaka muzuri," akasema.

Bénie alicheka. Mimi sikucheka. Imeniuma, na nitawaonyesha wote wawili.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata! Wanataka mifano, watapewa mifano. Lakini kwa picha. Ninapiga picha kioo cha kompyuta, kila mfano picha yake, na jina langu linapita katikati kwa herufi nyekundu. Picha hainakiliwi. Anayetaka kutumia mfano ataandika upya kwa vidole vyake, herufi kwa herufi. Atakosea. Akikosea atanipigia simu. Maelezo yanayojibu kila kitu yanamuua aliyeyaandika! Mimi siko tayari kufa.

Nimepiga picha kumi na moja. Kwenye ya kumi na mbili courant imekatika, mtaa mzima bila umeme. Katika orodha nimeandika kumi na nne. Hakuna atakayehesabu.

Alhamisi, 5 Juni

Leo nimepita kwa bahati karibu na ukumbi wa parokia, ambako Gaëlle alikuwa na walimu watatu. Kwa bahati hiyo hiyo nimekaa chini ya dirisha saa moja na nusu, kwenye baridi hii ya Juni, na koti la Papa.

Nilichokiona hakiaminiki. Walimu wanajaribu mifano yake kwenye kompyuta, na yeye hasemi neno! Wanakwama, yeye anaandika kwenye daftari. Wanakwama tena, anaandika tena. Mmoja alimwomba amsaidie. Gaëlle akamwambia asome tena polepole, na kama bado haelewi, basi aliyekosea ni aliyeandika. Aliyeandika! Nilicheka mpaka nikagonga kichwa kwenye fremu ya dirisha. Wote wakageuka. Niliwasalimu. Gaëlle akauliza kama nataka kuingia, maana nje ni baridi. Nilimjibu kwamba baridi naipenda.

Kwa hiyo adui haijui programu yake mwenyewe, mpaka walimu wamfundishe. Ushindi ni wetu.

Tena mifano yake imejaa majina ya mboga. Mwanafunzi Lengalenga. Mwanafunzi Matembele. Mwanafunzi Sombe. Hana hata binadamu wa kutolea mfano! Mimi ninao. Nimerudi nyumbani nikapiga picha zote upya. Wa kwanza darasani: Symphorien Kisimba, asilimia 98,6. Wa mwisho: Gaëlle, asilimia 12, anarudia mwaka. Nimekula vizuri leo.

Jumatatu, 9 Juni

Balaa. Nimekwenda mjini, ofisi ya umoja, kupeleka maelezo mapya kwa mkono ili Mama Adolphine anione nilivyo nadhifu. Viatu nimevipiga rangi. Tai nimevaa. Mama Adolphine haoni! Ni kipofu tangu miaka sita iliyopita.

Kompyuta yake inamsomea. Ni sauti ya mwanaume, ya Mfaransa, ina haraka. Mama amempa jina, Stéphane. Kiswahili Stéphane hajui hata kidogo. Kila "u" anaikunjia midomo, "müfano", "matümizi", "küfüngüa". Mama anasema amemzoea. Amefundisha Kifaransa miaka ishirini, kwake huyu ni mgeni wa kawaida tu.

Akafungua maelezo yangu. Stéphane akasoma kichwa cha habari, vizuri tu. Kisha akasema: Image. Kisha: Image. Image. Image. Mara kumi na moja. Mama Adolphine alihesabu! Akaniuliza kwa upole kama nimemletea albamu ya harusi, na kama ni hivyo, zile tatu zilizobaki ziko wapi.

Hakukasirika. "Miye nasomaka na masikio, papa," akaniambia. "Andika mifano kwa maandishi. Stéphane atasoma, na bantu bengine batakopi." Watakopi! Si ndiyo hofu yangu yenyewe? Akaongeza kwamba picha nayo inaweza kubebeshwa maneno yaliyofichwa ndani yake, na Stéphane huyasoma. Alisema kitu kingine baada ya hapo, kwamba hiyo ni kwa picha na si kwa mifano, lakini nilikuwa nimeshasimama. Kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi.

Jumanne, 10 Juni

Picha zote nimezibebesha maneno. Ya kwanza: "Hii ni picha ya mfano mzuri sana, ulioandikwa na Symphorien Kisimba." Ya pili: "Mfano mwingine, mzuri kuliko wa kwanza. Una mistari minane, yote imenyooka." Ya saba: "Hapa mtengenezaji ameonyesha akili." Nimetuma saa nne asubuhi.

Saa sita simu imelia. Mama Adolphine alikuwa anacheka mpaka anashindwa kuanza. "Papa, Stéphane iko anakusifu tangu asubui, nimechoka naye. Mistari iko wapi?"

Basi. Nimekubali, kwa shingo upande, kuandika mifano kwa maandishi. Yote. Kapita wangu uchi mbele ya watu! Mtu yeyote ataweza kumchukua mzima mzima bila hata kunisalimu. Nimetuma mfano wa kwanza palepale, na kwenye simu nikamsikia Stéphane akiusoma: Symphorien Kisimba, quatre-vingt-dix-huit virgule six. Mama akamsimamisha. Akarudia: virgule, ule mkato? Akauliza kama kweli Kapita anaijua virgule, maana mashine nyingi hutaka nukta. Ukiziwekea virgule zinadhani umezipa vitu viwili.

Hapo nimepanda hasira. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa tisini na nane virgule sita. Walimu wetu, mapadri wetu, buletini zetu za matokeo, zote virgule! Nukta ni ya kumalizia sentensi. Kama mashine haijui, ijifunze. Kwa nini sisi tuhame? Nimemwambia Mama kwamba Kapita ni mtoto wa Lubumbashi na virgule anaijua.

Nimejaribu? Sijajaribu. Siku zote nimemjaribu kwa namba kamili, hamsini, sitini, na hajawahi kuniangusha. Mtu hamfanyii mtihani mtoto wake mwenyewe.

Ijumaa, 13 Juni

Niandike haraka kabla sijabadili mawazo.

Korido ya umoja, benchi moja, mimi na Gaëlle. Amekuja na karanga kwenye karatasi. Amenipa. Nimekataa. (Nimekula kiganja kimoja tu, mwishoni.)

Programu yake ndiyo iliyoanza. Mlangoni tulimsikia Stéphane akipiga soga, Mama akibonyeza, dakika ishirini hivi, hakuna kelele. Mwishowe Stéphane akatangaza kwamba wa kwanza ni Lengalenga na wa pili ni Sombe. Kisha Mama akafanya ujanja. Akampa Matembele 71,5, halafu akafuta na kumpa 71.5, kwa nukta. Zote mbili zimepita! Nimemuuliza Gaëlle amejuaje. Akasema wale walimu watatu wote waliandika virgule, bila kuambiwa, akaandika kwenye daftari. Basi, hiyo tu. Kwa kukaa kimya!

Zamu yangu. Mwanzo ulikuwa mzuri mno. Stéphane alisoma mfano wangu mstari kwa mstari, Mama akaukopi kama ulivyo. Kisha Stéphane, kwa sauti kama ya kutangaza treni, akaijulisha korido nzima: "Wa kwanza, Gaëlle, douze pour cent. Wa mwisho, Symphorien Kisimba, six pour cent. Anarüdia mwaka."

Kapita amekata 98,6 vipande viwili! Tisini na nane ametupa, sita ameweka! Gaëlle amenishinda ndani ya mfano wangu mwenyewe, na kwa asilimia kumi na mbili. Pale kwenye benchi hakucheka. Aliangalia karanga zake kwa muda mrefu sana, na hiyo imeniuma kuliko kicheko.

Mama Adolphine ametoka. Umoja utachukua programu ya Gaëlle kuanzia Septemba. Kwangu amesema maelezo yamepiga hatua, maana leo amekwama na amejua amekwama wapi. "Tengeneza ile virgule, papa. Ni kazi ya saa moja. Na jina ya mwenzako utoe." Nimesema ndiyo kwa yote mawili. Njiani nimetembea kwa miguu mpaka Bel-Air ili machozi yakauke kabla ya kufika.

Papa hakuuliza. Alikuwa ameshaweka meza.

Jumatatu, 16 Juni

Septemba! Wamesema Septemba. Juni bado ni yangu!

Nimekwenda kwa Maître Paulin, mwalimu wa Bénie. Mtu wa heshima, anaiogopa kompyuta, kwa hiyo anafuata kila kilichoandikwa bila kuuliza. Huyu ndiye msomaji niliyekuwa namwandikia muda wote. Buletini zenyewe ataandika baadaye kwa mkono, kama kawaida yake, lakini karatasi ya kusomea matokeo siku ya proclamation, ya kutangaza matokeo mbele ya wazazi, ataifanya na Kapita. Itagawiwa kwa kila mzazi. Amefurahi, kwa sababu kupanga wanafunzi arobaini na mmoja kwa mkono kunamla siku mbili. Karatasi ya Bénie itakuwa na jina letu. Papa ataiona kwa macho yake!

Asubuhi nimeanza kutengeneza virgule. Nusu imekwisha. Kisha nimeona jalada la maelezo halivutii hata kidogo, nimetengeneza jingine, jina langu kwa rangi ya dhahabu. Imechukua mchana wote. Virgule nitamalizia kesho.

Jina la Gaëlle nimelitoa. Langu nimeliacha kwenye mfano pamoja na 98,6 yake, ili mwalimu akifungua akutane na mtu wa maana. Na ili Maître Paulin asije akaharibu, nimeongeza sentensi ukurasa wa kwanza, herufi nene: ANDIKA KAMA KATIKA MFANO. USIBADILISHE KITU, HATA VIRGULE.

Jumatano, 2 Julai

Proclamation. Uwanja wa shule umejaa wazazi. Papa amevaa koti lake la reli lenye vifungo vya shaba, amekaa mstari wa mbele, Bénie pembeni yake na utepe mpya kichwani. Nimesimama nyuma yao. Nilikuwa nimesahau kitu lakini sikukumbuka ni nini.

Maître Paulin akafungua karatasi. Wa kwanza: Faustin, asilimia hamsini. Faustin mwenyewe aliangalia nyuma yake kutafuta Faustin mwingine. Mama yake hakusubiri maelezo, alipiga kelele ya furaha na kummwagia poda ya pongezi kichwa kizima.

Wa pili, arobaini na tisa. Wa tatu, arobaini na nne. Nikakumbuka nilichosahau.

Wenye namba kamili walikuwa watatu tu. Wengine wote walikuwa na virgule, na Maître Paulin aliziandika moja moja, kwa uaminifu, kama katika mfano. Asilimia tisa. Asilimia nane. Saba. Wazazi walianza kusimama. Alipofika nafasi ya ishirini, Maître, bila kuinua macho, akasoma: Symphorien Kisimba, asilimia sita, anarudia mwaka. Akauliza kama mwanafunzi huyo yuko. Akauliza mara ya pili. Papa akanyoosha kidole nyuma bila kugeuka.

"Iko huyu."

Uwanja mzima ulicheka. Hilo ningelivumilia. Lakini baadaye kidogo ikaja nafasi ya thelathini na tano: Bénie Kisimba, asilimia tatu, anarudia mwaka. Alikuwa na 84,3. Wa kwanza wa kweli wa darasa. Bénie hakupiga kelele, alivua tu ule utepe akaushika mkononi, na machozi yakamtoka. Niandike ukweli, hapo nilitamani ardhi inimeze, na si kwa ajili yangu.

Nikajitokeza mbele. Nikasema kwa sauti kwamba kosa ni la mashine. Maître Paulin aliinua ukurasa wangu wa kwanza juu ili kila mtu aone. "Huyu muntu ameandika: hata virgule!" Wazazi wakanigeukia. Nimeondoka uwanjani kwa mwendo wa kawaida wa mtu anayefukuzwa.

Gaëlle ameitwa, Bénie amenisimulia. Amefika na kompyuta yake chini ya kwapa, ameandika upya majina yote na virgule zote, nusu saa, kwisha. Bénie wa kwanza, 84,3. Faustin wa thelathini na tisa, amepita. Mama yake amekataa kumfuta poda, anasema imeshamwagika.

Jumamosi, 5 Julai

Siku mbili sijatoka chumbani. Bénie ananiletea chai. Leo ameniambia: "Papa mudogo, usilie, miye nilishasahau." Sikuwa nalia. Chumba kina vumbi.

Kisha ameniita nije nione kitu. Papa ana kopo la biskuti la zamani ambamo anaweka vitu vya reli: filimbi, beji, picha ya siku ya kustaafu. Ndani ya kopo, imekunjwa mara nne, kuna karatasi. Si ile ya Gaëlle, ambayo iko sahihi na chini yake haina jina la mtu yeyote. Ni ile yangu, mbovu. Kisimba nafasi ya ishirini. Kisimba nafasi ya thelathini na tano. Na chini kabisa: Imetengenezwa na Symphorien Kisimba.

Papa amenikuta nimeishika. Nilimuuliza kwa nini ametunza aibu hii. Akaichukua, akaikunja kwenye mikunjo ile ile, akairudisha chini ya filimbi. "Treni yako imefika," akasema. "Gare ya kushukia haiko yenyewe. Lakini kwa mara ya kwanza, imefika." Akaenda kunawa.

Nimekaa juu ya kitanda nikalia kwelikweli. Halafu nimenawa uso na kufikiri kama mtu mzima, na sasa naona wazi kosa lilikuwa wapi. Kosa ni kwamba mfano uliweza kukopiwa! Ingekuwa picha, Maître Paulin angeandika polepole, angekwama, angenipigia simu, tungeokoka. Nilikuwa sahihi tangu tarehe 4 Juni, na wamenilazimisha kulegea. Silegei tena! Kapita toleo la pili: mifano yote kwa picha, jina langu jekundu katikati, na maneno mazuri yaliyofichwa kwa ajili ya Stéphane.

Virgule nitamalizia kesho. Ni kazi ya saa moja.

Picha ya kwanza nimeshaipiga. Mwanafunzi ni Symphorien Kisimba, nani mwingine? Nimejiongezea kidogo, baada ya yote niliyopitia: asilimia 99,1.